Barua ya wazi kwa wasimamizi wa eneo letu la kurukia, ukingoni mwa Bonde la Kerio

Iten, Septemba

Kwa Waheshimiwa mliopewa dhamana ya eneo la kurukia,

KUH: WANAOANGUKA, WANAOWAOKOTA, NA MSIMU ULIO MLANGONI

Waheshimiwa,

Pokeeni salamu zangu za heshima. Baadhi yenu mnanijua kwa sura. Mimi ni mmoja wa wale watoto wa Tambach waliokuwa wakiacha mbuzi malishoni na kutimua mbio kila kitambaa cha rangi kilipoonekana kikishuka bondeni. Tuliziita parachuti, na watu wa nyumbani huziita hivyo mpaka leo, ingawa paraglaida si parachuti. Parachuti imeundwa imshushe mtu salama. Paraglaida ni bawa la kitambaa lililoundwa limwezeshe kupanda na hewa yenye joto na kukaa juu saa nyingi. Tulikuwa tukiwakunjia wageni mabawa yao kwa shilingi ishirini. Nilipokuwa mtu mzima nikawa dereva wa kuwafuata marubani huko walikotua. Kisha mgeni mmoja aliyekuwa akirudi kila Januari akanifundisha kuruka, akaniachia bawa lake la zamani. Huu ni mwaka wangu wa tisa hewani.

Sikukimbilia barua ya wazi. Nimewaandikia barua tatu. Ya kwanza niliileta kwa mkono Machi mwaka jana, ikapigwa muhuri wa kupokelewa. Ya pili niliituma miezi mitatu baadaye. Ya tatu niliiandika pamoja na wazee wa vijiji vitatu vya bondeni. Wengine walitia sahihi, wengine alama ya kidole. Nimefika ofisini mara nne. Mara mbili mhusika alikuwa mkutanoni, mara moja alikuwa Nairobi, na mara ya mwisho nikaambiwa faili haionekani. Nakala zote ninazo, pamoja na tarehe za mihuri. Humu simtaji mtu wala ofisi kwa jina. Mnajijua, na lengo langu ni kupata jibu kabla Desemba haijafika na mabawa hayajaanza kuonekana tena.

Niwaeleze kwanza siku iliyonifanya nishike kalamu, kwa sababu katika jibu pekee la mdomo nililopewa iliitwa ajali ndogo ya mgeni.

Ilikuwa katikati ya Februari. Rubani mmoja mgeni aliruka karibu saa sita mchana, wenzake wakiwa wameshaondoka zamani. Hakuna aliyemwandika popote. Nusu saa baadaye, akiwa karibu mno na mteremko, upande mmoja wa bawa lake ulikunjika, akazungushwa, akapigwa kwenye ubavu wa ukingo, pale katikati ambapo barabara ya juu haifiki wala ya chini haipandi, ni miamba na migunga tu. Parachuti ya akiba aliirusha, lakini ardhi ilikuwa karibu kuliko muda inaohitaji kufunguka. Aliyemsikia ni mama aliyekuwa akikata kuni. Hakuwa na simu. Alipanda mpaka boma la kwanza, kijana wa pale akampigia rafiki yake wa boda boda, na yule wa boda boda akanipigia mimi kwa kuwa alijua ninaruka. Hivyo ndivyo habari ilivyosafiri: kwa miguu ya mama mmoja, kisha kwa bahati.

Nilipofika, saa moja na nusu ilikuwa imepita. Watu wapatao ishirini walikuwa wamemzunguka, wote kwa nia njema, na wawili walishamshika makwapani ili wamsimamishe. Nilipiga kelele mpaka sauti ikakauka. Anayeanguka na paraglaida mara nyingi hutangulia kwa miguu na makalio, na kinachoumia ni miguu na uti wa mgongo. Ukimsimamisha unaweza kumpooza mtu ambaye angetembea. Wale majirani wangejuaje? Nani aliwahi kuwaambia? Tulikata miti miwili, tukafunga blanketi mbili, tukapata machela. Tukambeba kwa zamu, watu sita sita, kwenye njia ya mbuzi, na kila mmoja wetu alipoteleza yule mgeni alilia kwa lugha yake. Tulifika barabarani jua likizama. Gari lililompeleka hospitali lilikuwa pikapu ya muuza maembe, maembe yenyewe yakiwa yamemwagwa kando ya barabara ili apate nafasi ya kulala.

Aliishi. Anatembea kwa fimbo, na mwaka huu ameniandikia. Lakini miongoni mwa wabebaji alikuwamo jirani yangu, baba wa watoto wanne. Aliteleza kwenye mwamba akavunjika kifundo cha mguu. Msimu ule maembe yake yaliozea mtini, vibarua vikampita, na gharama za matibabu alizilipa kwa kuuza mbuzi wawili. Mgeni alikuwa na bima. Mbebaji hakuwa na kitu. Nilipowauliza ni nani atakayemfidia, nilijibiwa kwamba hakuna aliyemtuma.

Waheshimiwa, jibu hilo limenikosesha usingizi kuliko ajali yenyewe. Kwetu mtu akilia korongoni hatungoji kutumwa. Ni kweli hamkumtuma. Ila ada ya uwanja mlipokea asubuhi ile, na mngemtafuta mtu wa kwenda kama jirani yangu asingekwenda.

Kwa msomaji asiyelijua eneo hili, nieleze kidogo kwa nini watu hutoka Ulaya mpaka Iten kuja kuruka. Mji wetu uko kama mita 2,400 juu ya usawa wa bahari. Hatua chache kutoka mashambani ardhi inakatika, na chini yako, zaidi ya mita 1,000, kuna sakafu ya bonde na Mto Kerio ukielekea kaskazini hadi Ziwa Turkana. Ng'ambo unaona Milima ya Tugen, Baringo. Ukingo wetu unatazama mashariki, hivyo jua la asubuhi huupiga moja kwa moja, mawe yanapata moto na hewa inaanza kupanda. Kuanzia Desemba hadi mwanzoni mwa Machi, wakati wa kiangazi, upepo nao hutoka upande huohuo wa mashariki na kuukuta ukingo uso kwa uso. Jua na upepo vikifanya kazi upande mmoja, rubani anaweza kufuata ukingo kilomita kwa kilomita bila kutua. Sehemu za namna hii ni chache duniani. Nalisema hili kwa fahari, na kwa sababu hiyo nasikitika zaidi jinsi lilivyoachwa.

Haya ndiyo yanayotusumbua.

1. Hakuna anayehesabu watu.

Asubuhi nzuri ya Januari mabawa ishirini na zaidi huondoka uwanjani. Jioni hakuna anayejua kama yametua ishirini. Hata utingo wa matatu anajua ametoka stendi na abiria wangapi. Sisi hatuna daftari, hatuna masafa ya redio yaliyokubaliwa, hatuna namba moja ya simu ambayo rubani akitua mbali anatuma ujumbe wa kusema yuko salama. Wapo wanaoshuka Biretwo, karibu na lami, na hao hurudi kwa boda boda. Wapo wanaotua karibu na Hifadhi ya Rimoi, kwenye njia za tembo. Wapo wanaoshika ukingo kuelekea kaskazini, Marakwet, na ninyi mnajua kama ninavyojua kwamba Februari 2023 serikali ilitangaza sehemu za bonde hili na kaunti jirani kuwa na vurugu na hatari, ikapeleka wanajeshi kusaidiana na polisi. Mgeni anayetua huko na redio kifuani na kitambaa kikubwa mgongoni, huku hakuna aliyewaarifu chifu wala wakuu wa usalama, anahatarisha maisha yake na ya mchungaji atakayemkaribia kwanza. Daftari na kalamu ni bei ya soda chache.

2. Uokoaji umeachiwa huruma ya majirani.

Hili ndilo kubwa kuliko yote, na kama mtasoma jambo moja tu someni hili. Juu uwanjani hakuna machela. Chini hakuna machela. Hakuna kamba za kumshushia mtu kwenye mwamba wala za kumtoa mtini, na kuning'inia mtini ni jambo la kawaida katika mchezo huu; wengi huumia wakati wa kushuka baada ya kuwa mti umeshawaokoa. Hakuna kolari ya shingo, hakuna sanduku la huduma ya kwanza. Hakuna kijana hata mmoja wa kijiji aliyefundishwa namna ya kumgeuza majeruhi bila kumkunja mgongo. Hakuna ramani ya njia za mbuzi kati ya juu na chini, ilhali wazee wanazijua zote kwa majina, na mtu mwenye simu angezichora kwa wiki moja.

Siombi helikopta. Uswisi wanayo Rega, shirika lao la uokoaji wa angani, tangu 1952, na majeruhi wa milimani hufikiwa kwa dakika. Hatuko huko na sijifanyi tuko huko. Naomba machela sita, kamba, na vijana ishirini waliofundishwa, kumi juu na kumi chini, wenye kofia ngumu na viatu vinavyoshika mwamba, na wenye bima. Bima hiyo nairudia makusudi: akiumia mwokoaji, alipwe. Jirani yangu bado anachechemea.

3. Hakuna mwenye mamlaka ya kusema leo haturuki.

Asubuhi, kuanzia saa tatu hadi saa tano, ukingo huu ni mpole. Baada ya hapo jua linachemsha bonde, hewa inapanda kwa nguvu na kushuka kwa nguvu pembeni yake, na kisulisuli cha vumbi kinaweza kuzuka uwanjani na kumnyanyua mtu ambaye hata hajawa tayari. Upepo nao unaongezeka. Paraglaida ya kawaida huenda kilomita 35 hadi 40 kwa saa. Upepo ukifikia kasi hiyo, rubani anasimama hewani. Ukizidi, anarudishwa nyuma ya ukingo, kwenye hewa inayozunguka na kuviringika, na huko bawa halina pa kushika. Wachache wanaokuja na hangiglaida, lile bawa lenye fremu ya alumini, wana kasi zaidi, lakini nao ardhi ya kutua wanaihitaji kubwa na tambarare. Ongezeni urefu wetu kutoka baharini: hewa ya Iten ni nyepesi kuliko ya pwani kwa karibu sehemu moja kati ya tano, kwa hiyo bawa linataka mbio ndefu zaidi kabla ya kuinuka. Rubani aliyejifunzia ufukweni huja hapa akidhani miguu yake inaujua mchezo, kumbe ardhi inampita chini haraka kuliko alivyozoea.

Mwezi Machi, mvua zinapokaribia, kuna hatari nyingine: mawingu ya radi. Wingu hilo humvuta mtu juu asitake. Februari 2007, karibu na Manilla nchini Australia, rubani wa kike kutoka Ujerumani alivutwa na wingu hadi mita 9,946, akazimia kwa baridi na kukosa hewa, akashuka akiwa hai. Rubani mwingine aliyevutwa na dhoruba ileile, Mchina, hakurudi hai. Hao walikuwa marubani wenye ujuzi mkubwa, wakijiandaa kwa mashindano ya dunia. Kwetu, mwaka huu, nimeona mtu akiruka na wingu jeusi limesimama juu ya Tugen, na hakuna aliyekuwa na ruhusa ya kumshika mkono. Mimi nilimsihi. Aliniuliza mimi ni nani.

Jimbo la Himachal Pradesh nchini India, ambako kuna Bir Billing, eneo linalojulikana kwa marubani dunia nzima, hufunga mchezo huu kila mwaka msimu wa masika, kuanzia 15 Julai hadi 15 Septemba. Wageni hawajaacha kwenda Billing.

4. Abiria.

Kuna safari za watu wawili, rubani nyuma na abiria mbele. Abiria hao wengi ni watu wetu: wanafunzi wa vyuo, maharusi, wafanyakazi waliotoka Eldoret kutembea Jumapili. Hawajui cha kuuliza. Hawajui kwamba kurusha abiria kunahitaji cheti chake mbali na cheti cha kuruka peke yako, kwamba bawa lina umri, kwamba parachuti ya akiba isiyofunguliwa na kukunjwa upya kwa miaka inaweza kushindwa kufunguka siku inapohitajika. Ni juu yenu kuuliza kwa niaba yao. Mpaka leo anayetaka kurusha abiria hutandika bawa lake na kutaja bei.

5. Mashamba ya bondeni.

Rubani anapotua kwenye ndengu au njugu za mtu, bawa lenyewe huharibu kidogo sana. Kinachoharibu ni sisi, yaani watoto hamsini na watu wazima wanaokimbilia kuona. Nilikuwa mmoja wao, na leo naona aibu nikikumbuka mihogo tuliyoikanyaga. Mwenye shamba anabaki na mistari iliyolala chini, rubani ameshapanda boda boda, na akidai anaambiwa azungumze na rubani, ambaye hajui hata jina lake. Wazee walipendekeza jambo rahisi katika baraza la mwaka jana: wakodishieni marubani mashamba mawili wakati wa kiangazi, yakiwa yamevunwa, yawekwe mfuko wa upepo na alama nyeupe, yawe viwanja rasmi vya kutulia, na wenyewe walipwe kwa msimu. Walioleta pendekezo hilo walikuwa wanne. Mmoja wao ameshafariki akingoja jibu.

6. Watoto wetu wanabaki kuwa wakunjaji.

Hapa naomba mnivumilie, kwa sababu nazungumzia maisha yangu. Iten inajulikana ulimwenguni kwa wakimbiaji. Lango la mji limeandikwa hivyo. Lakini miinuko hii haikuanza jana kuwa na hewa nyepesi, na babu zetu walikimbia bila medali. Kilichobadilika ni kwamba watu waliamua kuwafundisha vijana wa hapa kwa mpango na kwa miaka mingi. Bruda Colm O'Connell alifika shule ya St Patrick's, hapa Iten, kutoka Ireland mwaka 1976 akiwa mwalimu wa jiografia, akakaa. David Rudisha alipita mikononi mwake, na London mwaka 2012 akakimbia mita 800 kwa dakika 1 na sekunde 40.91, ambayo hakuna aliyekuwa amewahi kuifikia. Mlima ulikuwepo, wageni wakaja, lakini utajiri ukabaki kwa sababu mafunzo yalibaki.

Katika kuruka tumefanya kinyume. Wageni wanakuja na ujuzi wao, wanaondoka nao Machi, na kijana wa Tambach anabaki anakunja kitambaa alivyokikunja kaka yake. Mimi nilifundishwa kwa hisani ya mtu mmoja. Nawajua marubani wazawa wachache mno wa ukingo huu, na kila mmoja alifika hapo kwa hisani ya namna hiyohiyo. Kama sehemu ya ada ya kila msimu ingewekwa kando kuwasomesha vijana wanne tu kwa mwaka, wawili juu na wawili chini, wasichana wakiwemo, leo tungekuwa na waongozaji wanaojua upepo huu tangu utotoni, nao ndio wangemshika mkono yule aliyetaka kuruka na wingu jeusi likimtazama.

Waheshimiwa, najua yatakayosemwa, maana mengine nimeshayasikia ukumbini kwenu.

Itasemwa kwamba marubani ni watu wazima, wanajua hatari, na wametia sahihi karatasi ya kujitwalia lawama. Sawa. Karatasi ile inamhusu rubani. Haimhusu mama aliyekuwa akikata kuni, wala jirani yangu, wala mwenye ndengu, na hao ndio ninaowaombea.

Itasemwa kwamba anga ni kazi ya serikali kuu. Ni kweli, usafiri wa anga una sheria yake ya mwaka 2013 na mamlaka yake. Lakini Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 limeweka huduma za ambulensi, kukabiliana na majanga na utalii wa maeneo mikononi mwa serikali za kaunti. Kila mara nilipopeleka lalamiko kwa mmoja wenu nilielekezwa kwa mwenzake. Kaeni pamoja mara moja, mgawane kazi hii kwa maandishi, na mtupe nakala. Anayeanguka haangukii kwenye mpaka wa majukumu; anaangukia juu ya paa la mtu.

Itasemwa kwamba hakuna fedha. Basi tuonyesheni zilizopo. Ada ya uwanja hulipwa na kila rubani, kila msimu. Ibara ya 35 ya Katiba inampa raia haki ya kupata habari iliyo mikononi mwa dola, na kuna sheria ya mwaka 2016 ya kutekeleza hilo. Nimeomba mara mbili kujua ni kiasi gani kilikusanywa na kimefanya nini. Labda ni kidogo kweli. Tukijua ni kidogo tutachanga. Vijiji vyetu havijawahi kushindwa na harambee.

Na itasemwa kwamba masharti yatawafukuza wageni. Nimewafuata wageni hao kwa gari miaka mingi, nimekula nao, nimewabeba. Swali la kwanza la rubani makini anapofika mahali papya ni hili: nikianguka, nani anakuja? Wapo walioniuliza, nikawajibu ukweli, wakakunja mabawa wakaenda kutafuta mahali pengine. Wanaokimbia masharti ni wale ambao hatuwataki hewani.

Sasa tunachoomba. Tumekipanga kwa tarehe ili isemwe wazi kimefanyika au hakijafanyika.

Kufikia mwisho wa Oktoba, tupeni jina la mtu mmoja anayewajibika kwa eneo hili na namba ya simu itakayopokelewa kila siku ya kuruka, na mchapishe hesabu ya ada ya misimu miwili iliyopita. Kufikia katikati ya Novemba, daftari la kuondoka na kurudi liwe uwanjani, masafa ya redio yawe yamebandikwa, na pawepo msimamizi wa siku mwenye mamlaka ya kufunga uwanja upepo au wingu likikataa, akisikilizwa na mgeni na mwenyeji. Kabla ya bawa la kwanza kuondoka Desemba, machela na kamba ziwe juu na chini, na kundi la kwanza la waokoaji liwe limefunzwa na kukatiwa bima. Wenye mashamba mawili yaliyopendekezwa wapewe mkataba wa msimu. Vyeti na parachuti za akiba za wanaorusha abiria vikaguliwe, na asiye navyo asiruhusiwe. Mafunzo ya vijana yaanze mwaka ujao. Hilo tutalingojea, mradi liandikwe.

Na jirani yangu afidiwe. Siku za kazi alizopoteza, mbuzi wawili, na gharama za hospitali. Risiti anazo, kazihifadhi kwenye mkebe wa kakao juu ya kabati. Hili haliwezi kungoja bajeti.

Yakishindikana bila maelezo, tutatumia Ibara ya 37 ya Katiba, inayotupa haki ya kuwasilisha malalamiko yetu kwa mamlaka za umma. Ombi rasmi limeshaandikwa na sahihi zinaendelea kukusanywa. Marubani wazawa pia tumekubaliana kwamba hatutaongoza wageni wala kurusha abiria msimu huu mpaka machela ziwepo. Kwetu hiyo ni njaa ya miezi mitatu, na hatukuikubali kwa wepesi.

Jumamosi ya kwanza ya Novemba, saa tatu asubuhi, nitakuwa uwanjani pamoja na wazee wa vile vijiji vitatu, yule mama wa kuni, na jirani yangu ikiwa mguu utamruhusu. Tumeomba machela moja ya kuazima. Tunawaalika mje tushuke pamoja kwa njia ileile tuliyompitisha majeruhi, mtu mmoja akiwa amelala kwenye machela, na tupime saa. Vaeni viatu vya kufunga kwa kamba.

Wenu mwaminifu,

Rubani, mzaliwa wa Tambach

Nakala: wazee wa vijiji vya bondeni, marubani wazawa wa ukingo, wamiliki wa mashamba yaliyotajwa